Mizani Mbili za Mpanda Farasi

Leo nitazungumza juu ya kazi ambayo mtu anaweza kwenda kutoka Vanga hadi Tiwi, hapa Kwale, asimwone hata mmoja anayeifanya, nayo ni kazi ya kupanda farasi wa mbio, kazi ya joki. Mtauliza, na mna haki ya kuuliza, kwa nini tuitumie nafasi hii kwa kazi isiyokuwepo kwetu, ilhali zilizopo ni nyingi na zina shida tele. Jibu langu ni kwamba kazi ya mbali huonyesha wazi kile ambacho kazi ya karibu imekificha kwa mazoea. Pale ufuoni Diani kuna vijana wanaowapandisha wageni juu ya ngamia. Ukunda, Msambweni na Kinango wako vijana wengi zaidi wanaopata riziki yao kwa bodaboda. Wote hao, sawasawa na joki, wanaishi kwa kukaa juu ya kitu kinachokwenda na kukiongoza bila kuanguka. Lakini joki akiulizwa kazi yake anaitaja kama fundi anavyotaja ufundi wake, na hawa wetu wakiulizwa husema wanajitafutia. Tofauti hiyo imetoka wapi? Wengi watasema imetoka kwa farasi, mnyama wa bei na wa wakubwa. Mimi nasema farasi hahusiki. Tofauti imetoka kwenye mizani, na nitawaeleza kwa nini nasema hivyo.

Tuanze na mizani yenyewe, maana mtu akitazama mbio za farasi kwenye televisheni huona vumbi na kasi tu. Kabla ya mbio, joki huingia chumba cha mizani akiwa na tandiko lake mikononi, akapimwa yeye na tandiko pamoja. Uzito ambao farasi wake atabeba umeshaandikwa kabla ya siku hiyo. Katika mbio za kusawazisha, farasi aliyeonyesha nguvu zaidi hutwishwa mzigo mkubwa zaidi ili na wanyonge wapate nafasi ya kushinda. Joki akiwa mwepesi kuliko uzito ulioandikwa, huwekewa vipande vya risasi kwenye tandiko mpaka mizani ikubali. Akiwa mzito kupita kiasi, farasi anaweza kupewa mwingine. Kisha mbio zinakimbiwa, na mara nyingi huwa zimekwisha kabla ya dakika tatu. Watu wanapiga kelele, na baada ya kelele hizo ndipo linapofanyika jambo ninalotaka mlishike. Joki anashuka, anafungua tandiko kwa mikono yake mwenyewe, na kurudi kwenye mizani ileile. Akikutwa amepungua kupita kile kiasi kidogo kinachovumiliwa, ushindi wake unafutwa, hata kama wenzake aliwaacha mbali kiasi gani. Mpaka mizani ya pili iseme, mshindi bado hajawa mshindi, na zawadi haitoki. Mpanda farasi hupimwa anapotoka, na hupimwa anaporudi.

Kwa hapa Kenya mizani hiyo iko Nairobi, katika uwanja wa Ngong uliofunguliwa mwaka 1954 na ambao huendeshwa na chama kiitwacho Jockey Club of Kenya. Walowezi walianza kukimbiza farasi Nairobi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, mji wenyewe ukiwa bado mabati na matope. Leo majoki wengi wa Ngong ni Wakenya weusi, na majina kama James Muhindi na Henry Muya yamesomwa mara nyingi katika kurasa za michezo. Njia ya kufika huko haianzii juu ya tandiko. Inaanzia zizini, alfajiri, kwa kuzoa samadi, kubeba maji, kusugua manyoya na kumtembeza mnyama aliyetoka mazoezini hadi mwili wake upoe. Anayefanya kazi hiyo huitwa saisi, neno tulilolipata kwa Waarabu. Neno hilo lina ndugu yake ambaye sisi humtaja kutwa kucha bila kujua ukoo wake, nalo ni siasa. Katika Kiarabu mzizi wao ni mmoja, na maana yake ya kale ilihusu kumtunza na kumfunza farasi, kabla haijahamia kwenye kuwaongoza watu. Ombi langu ni kwamba mliweke neno hilo akilini, tutalirudia.

Saisi mwenye mikono mizuri hupewa farasi wa mazoezi, na akifanya vyema huandikishwa kuwa joki mwanagenzi. Hapa pana kanuni ya busara sana. Farasi wa mashindano ni mali ya thamani, na hakuna mwenye mali atakayemkabidhi kijana asiyejulikana ikiwa anaweza kumpata mzoefu kwa ada ileile. Mtu asipopewa farasi hatashinda, na asiposhinda hatapewa farasi. Michezo mingine na kazi nyingine huliacha fundo hilo lilivyo, na vijana wakazeeka wakisubiri. Wenye mbio walilifungua kwa mizani. Farasi anayepandwa na mwanagenzi hupunguziwa uzito, kilo chache tu, lakini kilo chache katika mbio zinazoamuliwa kwa urefu wa pua ni kishawishi cha kutosha. Mwenye farasi humchukua kijana kwa sababu kijana ana faida, hata asipokuwa na huruma naye. Na kadiri kijana anavyojikusanyia ushindi, ndivyo nafuu ile inavyopunguzwa, mpaka siku moja inakwisha naye anasimama sawa na wakongwe. Ni msaada unaojifuta wenyewe baada ya kumaliza kazi yake. Kuanzia hapo joki hulipwa ada kwa kila farasi anayempanda, na akishinda hupata fungu la zawadi, ambalo kwa desturi ya Marekani ni karibu moja ya kumi ya kile anachopata mwenye farasi.

Mtu anaweza kunijibu kwamba nimeanza mwishoni. Atasema kinachomfanya joki kuwa joki ni ujuzi wake, na mizani ni urasimu tu uliokuja baadaye. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa sababu ujuzi wenyewe ni mkubwa. Farasi wa mbio ana uzito wa karibu kilo 500 na anaweza kupita kilomita 60 kwa saa. Anayemwongoza mara nyingi ana kilo hamsini na kidogo, na hakai juu yake hata kidogo. Amesimama kwenye vikuku, magoti yamekunjwa, mgongo umelala kama ubao. Mtindo huo ulienea Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, baada ya joki Mmarekani aitwaye Tod Sloan kuupeleka huko na kuchekwa kwamba anakaa kama tumbili. Mwaka 2009 wanasayansi wa Uingereza walichapisha utafiti katika jarida la Science. Walionyesha kwamba mbio kubwa ziliongezeka kasi kwa kati ya asilimia 5 na 7 katika miaka ile mtindo huo ulipoenea. Sababu ni kwamba farasi hulazimika kubeba uzito wa joki, lakini halazimiki kuutikisa juu na chini kwa kila hatua. Miguu ya joki inameza mtikiso wote, kwa gharama ya mapaja yake mwenyewe. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu ameinama mbio nzima.

Basi ujuzi upo, na si wa misuli mikubwa. Ndiyo maana huu ni mmoja wa michezo michache ambayo wanawake na wanaume hushindana pamoja bila kugawanywa. Michelle Payne alishinda Kombe la Melbourne mwaka 2015 na Rachael Blackmore akashinda Grand National ya Uingereza mwaka 2021, wote wakiwapita wanaume. Lakini je, ujuzi peke yake humfanya mtu awe na kazi? Historia ya Marekani inajibu kwa ukali. Mbio za kwanza za Kentucky Derby zilikimbiwa mwaka 1875, na kati ya majoki 15 waliopanda siku hiyo, 13 walikuwa weusi, wengi wao wakitoka katika mazizi ambamo wazazi wao walikuwa watumwa. Mshindi, Oliver Lewis, alikuwa mmoja wao. Katika mashindano 28 ya mwanzo, wapanda weusi walishinda 15. Isaac Murphy peke yake alishinda mara 3, mwaka 1884, 1890 na 1891. Jimmy Winkfield alishinda mara 2 mfululizo, 1901 na 1902. Kama ujuzi ungetosha, watu hawa na watoto wao wangeitawala kazi hiyo mpaka leo. Badala yake walibanwa uwanjani na wenzao weupe, wakanyimwa farasi na wenye mali, wakatoweka. Winkfield alihamia Urusi kuendelea na kazi yake. Baada ya mbio za 1921 hakuna joki mweusi wa Marekani aliyepanda tena katika Derby hiyo mpaka mwaka 2000. Ujuzi haukuwatoka. Mlango ulifungwa na watu, kwa sababu walioshika kanuni hawakuzishika kwa haki.

Hapa ndipo daftari linapoingia, ambalo ni ndugu wa mizani. Murphy alikufa mwaka 1896 akiwa na umri wa miaka 35, na mtu angedhani hadithi yake imezikwa naye. Lakini mbio huandikwa: nani alipanda, farasi gani, uzito gani, alimaliza wa ngapi. Watu walipokuja kuhesabu, walithibitisha kwamba alishinda mbio 530 kati ya 1,538, yaani zaidi ya moja katika kila tatu. Na mwaka 1955 aliingizwa katika kundi la kwanza la majoki walioheshimiwa na Jumba la Makumbusho ya Mbio la Marekani. Dhuluma iliweza kumfukuza mtu mweusi uwanjani, ila haikuweza kufuta kilichoandikwa. Fikirini ni mabaharia wangapi hodari wa mwambao huu, ni mafundi wangapi wa majahazi pale Gazi na Shimoni, ambao ustadi wao ulikwenda nao kaburini kwa sababu hakuna aliyeandika.

Sasa tutazame upande wa pili, kupanda bila sheria. Kwa miaka mingi nchi za Ghuba zilikimbiza ngamia kwa kuwatumia watoto wadogo, wengine wa umri wa kwenda chekechea, waliochukuliwa Bangladesh, Pakistan, Sudan na Mauritania. Mtoto alitafutwa kwa sababu ni mwepesi, na kwa sababu hana sauti. Kitendo kilikuwa kilekile cha kukaa juu ya mnyama anayekimbia, lakini hapakuwa na uanagenzi, wala leseni, wala mshahara wa kueleweka. Uzito wa mtoto ulikuwa kitu cha kupunguzwa kwa kumnyima chakula, sio kitu cha kuandikwa. Mwaka 2005 Falme za Kiarabu na Qatar zilipiga marufuku jambo hilo kwa sheria. Zaidi ya watoto 1,000 walirudishwa kwao kutoka Falme za Kiarabu kwa mpango ulioshirikisha UNICEF, na mahali pao ikawekwa roboti ndogo yenye mjeledi, inayoendeshwa kwa rimoti kutoka ndani ya gari linalofuata pembeni. Tunajifunza nini hapo? Kazi iliyoweza kukabidhiwa mashine ndogo kiasi hicho ilikuwa haijawahi kufanywa taaluma. Mtoto yule hakuwa joki. Alikuwa uzito.

Na joki wa kweli akianguka? Huanguka, maana hii ni miongoni mwa kazi za hatari zaidi katika michezo yote. Ndiyo maana katika viwanja vya nchi zilizoendelea gari la wagonjwa huwafuata farasi nyuma mbio zikiendelea. Huenda ndiyo kazi pekee ambayo ambulensi humkimbiza mfanyakazi akiwa bado mzima. Katika msimu wa mbio wa 1963 kuelekea 1964 majoki wawili wa Uingereza, Tim Brookshaw na Paddy Farrell, walianguka kila mmoja kwa wakati wake wakavunjika uti wa mgongo, wakapooza. Hapakuwa na fungu la kuwatosha wao na jamaa zao. Watu wa mbio wakachanga, na mchango huo ukageuzwa kuwa mfuko wa kudumu wa majoki walioumia, ambao unafanya kazi hadi leo na una nyumba zake za kuwafunza majeruhi kutembea upya. Angalieni mpangilio huo. Harambee ya msiba mmoja sisi tunaijua sana. Mtu akivunjika mguu tunapitisha kofia, tunatuma pesa kwa simu, na wiki ya pili tumesahau. Wao harambee waliiwekea daftari, ikaacha kuwa huruma ya siku moja ikawa haki ya kila mwenye leseni.

Nikifika hapa najua kuna msikilizaji anayesema: unaisifu mizani, je, hiyohiyo haiui? Ni pingamizi zito kuliko yote, na siwezi kulikwepa. Fred Archer alikuwa bingwa wa Uingereza kwa miaka 13 mfululizo na alishinda mbio 2,748. Alikuwa mrefu kwa kazi hiyo, na maisha yake yote alipigana na mwili wake kwa njaa na kwa dawa za kuharisha. Mwaka 1886, akiwa na homa baada ya kujikondesha kwa ajili ya mbio moja, na bado akiwa na majonzi ya kufiwa na mkewe, alijitoa uhai. Alikuwa na umri wa miaka 29. Baada yake majoki wengi wamejifungia kwenye vyumba vya mvuke ili watoke jasho, wamekimbia wamevaa nailoni juani, wamelala na njaa. Hilo ni doa la kweli. Lakini tazameni jinsi linavyosafishwa. Kwa kuwa uzito umeandikwa, uzito unaweza kubadilishwa: viwango vya chini vimepandishwa mara kwa mara, na Uingereza iliviondoa vyumba vya mvuke viwanjani moja kwa moja baada ya kuvifunga wakati wa korona. Hata mjeledi una hesabu. Tangu 2023 joki wa mbio za tambarare nchini humo haruhusiwi kuutumia zaidi ya mara 6 katika mbio moja. Kanuni mbaya iliyoandikwa inaweza kulaumiwa hadharani na kusahihishwa. Mazoea mabaya yasiyoandikwa hayana wa kulaumiwa, na kwa hiyo hayasahihishwi.

Pingamizi la pili ni la dini, na hapa Kwale haliwezi kupitwa juu juu. Mbio za farasi na kamari ni pacha katika mawazo ya watu, na Ngong nako watu hubeti. Sitetei kamari, nadhani simu za vijana wetu tayari zimeshamaliza pesa nyingi za chakula. Lakini tutenganishe vitu viwili. Wanazuoni wetu wanaijua hadithi inayoruhusu zawadi katika mashindano ya ngamia, ya farasi na ya mishale, na fiqihi imetofautisha zawadi inayotolewa na mtu wa nje na pesa wanazowekeana washindani wenyewe. Na ushahidi wa kwamba mbio zinaweza kusimama bila kamari uko Dubai. Kombe la Dunia la Dubai lilianza mwaka 1996, farasi Cigar akalitwaa akipandwa na Jerry Bailey, na tangu hapo limehesabiwa kati ya mbio zenye zawadi nono kuliko zote ulimwenguni, uwanjani pasipo dirisha la kuwekea dau. Tena Uingereza, ambako kamari imeruhusiwa, joki mwenyewe amekatazwa kubeti. Waliomkataza wanajua kwamba mkono ulioshika hatamu haufai kushika tiketi. Mpanda farasi wawili hupasuka msamba.

Pingamizi la tatu linasema huu ni mchezo wa walowezi, na kwamba farasi si mnyama wetu. Nusu yake ni kweli. Ngong ilijengwa na ukoloni, na kwa muda mrefu Mwafrika aliruhusiwa kufika zizini tu. Lakini farasi wa mbio wa leo karibu wote, kwa upande wa madume, wanarudi kwa mababu watatu waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za mashariki kati ya mwisho wa karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 18, na mmoja wao, aitwaye Darley Arabian, alinunuliwa Aleppo, Shamu. Mwingereza alichotuletea si farasi, ni daftari la nasaba za farasi, lililoanza kuchapishwa mwaka 1791. Na kwamba farasi hakukaa kwetu kuna sababu nyingine isiyohusu utamaduni. Sababu hiyo ni mbung'o. Vichaka vya pwani na msitu wa Shimba Hills vina mbung'o wanaobeba ugonjwa wa nagana, na farasi ni dhaifu sana mbele yake. Wenzetu wa Lamu walimkumbatia punda, wakamfanyia hata mashindano wakati wa Maulidi, vijana wakimpanda bila tandiko kwa ustadi unaowashangaza wageni. Punda huyo ana zahanati yake mjini humo tangu 1987. Mpanda wake, sherehe ikiisha, anarudi kusomba mchanga na mawe.

Kwa hiyo siwaambii tulete farasi wa mbio Msambweni. Mbung'o watatucheka. Nasema tulete mizani. Na hapa litakuja pingamizi la mwisho, la mtu wa vitendo. Atasema sheria za bodaboda zipo tayari: leseni, bima, helmeti, koti la kumeremeta, kinachokosekana ni utekelezaji. Ni kweli zipo. Lakini tuulize kwa nini mizani ya joki hutiiwa na sheria ya barabarani haitiiwi. Sheria ya barabarani imefungwa kwenye adhabu. Mtu anakutana nayo pale tu askari anaposimama, na askari akiondoka nayo imeondoka. Mizani imefungwa kwenye malipo. Asiyepita kwenye mizani ya pili hasubiri askari. Hana ushindi, basi. Hakuna haja ya kumwinda, kwa kuwa yeye mwenyewe anaikimbilia akiwa bado anahema. Tena anayeishika mizani anaishi kwa mchezo huohuo, na mchezo ukinuka udanganyifu naye atalala njaa.

Mambo haya si mageni Kwale. Kaya Kinondo, ule msitu mtakatifu, imesalia karibu na mahoteli ya Diani, ambako kipande cha ardhi kina bei ya dhahabu, si kwa sababu miti yake haikatiki. Imesalia kwa sababu wazee waliweka miko na wakailinda. Mwaka 2008 UNESCO iliiandika pamoja na kaya nyingine za Mijikenda katika urithi wa dunia, lakini miko ilitangulia maandishi kwa miaka mingi mno. Wavuvi nao wana BMU, vikundi vya kusimamia bandari ndogo vilivyowekewa kanuni mwaka 2007. Mvuvi akishuka na samaki wake anakuta mizani na daftari, na hakuna anayeona kwamba anadhalilishwa. Basi kwa nini mwenye ngamia pale ufuoni asiwe na daftari linaloonyesha ngamia wake alipumzika saa ngapi za jua kali, amebeba watu wangapi, mara ya mwisho alitazamwa lini na daktari wa mifugo? Na hoteli ziwe na desturi ya kumwita tu aliye ndani ya daftari. Hapo malipo yatakuwa yamefungwa kwenye kanuni, bila askari. Steji ya bodaboda Ukunda ifanye vivyo hivyo: kijana mpya apangiwe safari fupi na mzoefu wa kumwangalia, kama mwanagenzi, kila safari itoe shilingi chache za mfuko wa majeruhi, na anayetaka zamu ya kesho asubuhi arudi leo jioni, breki zikaguliwe na jina lake litiwe alama.

Mtasema nimefika kwenye siasa. Ndiyo, nimefika, na niliwaomba mliweke neno hilo. Siasa, kabla haijawa majukwaa na vipaza sauti, ilikuwa kazi ya saisi alfajiri: nani amemlisha mnyama, nani amemnywesha, amerudi na kilema gani. Tumeikuza maana yake tukaisahau kazi yake. Kiongozi wa wadi akitaka kujua kama anafanya siasa ya kweli, asihesabu waliompigia makofi. Apite Ukunda saa mbili usiku, wakati pikipiki za mwisho zinaingia kutoka Msambweni, aulize waliotoka asubuhi walikuwa wangapi, na waliorudi ni wangapi. Kama hakuna wa kumjibu, basi pale mizani ya pili haijawekwa.